Kujenga Mahali pa Kazi Panapomjali Mfanyakazi: Mwongozo kwa Wenye Biashara Ndogo Uganda

Mwongozo huu ni wa mwenye biashara aliye na watu watano, kumi na watano, labda arobaini: wakala wa forodha pale Busia au Malaba, mwenye stoo ya nafaka Kisenyi, mwenye gereji ya malori Tororo, mwenye duka la jumla Arua. Kampuni kubwa za Kampala zina afisa rasilimali watu na kabati lililojaa sera. Wewe una daftari, simu, na wafanyakazi ambao baadhi yao ni ndugu zako.

Nitasema jambo moja mapema, maana hatua zote zinatoka hapo. Mfanyakazi huona anajaliwa pale anapoweza kujua kabla ya wakati utafanya nini: mshahara utaingia lini, akiugua utamwambiaje, akikosea atasikilizwa au atafukuziwa getini. Bosi mkarimu asiyetabirika huwachosha watu kuliko bosi mkavu anayeshika neno lake. Nimewaona wote wawili, na yule wa kwanza ndiye anayekimbiwa, licha ya soda na nyama choma za Desemba.

Usijaribu hatua zote mwezi mmoja. Anza na ya 1 na ya 6, kwa kuwa humo ndimo ugomvi mwingi hutokea. Nyingine zitafuata.

Hatua ya 1: Weka tarehe ya mshahara, uilinde

Chagua tarehe moja, iandike ukutani. Ikiangukia Jumapili au sikukuu, lipa siku ya kazi inayotangulia. Mteja hajakulipa? Hilo ni la kwako na mteja. Ukiona wiki moja kabla kwamba fedha haitatosha, waite watu wiki hiyohiyo, uwaambie watapata kiasi gani tarehe ile na salio litakuja lini. Watu huvumilia habari mbaya. Wasichovumilia ni kimya, kwa sababu mwenye nyumba wao hapokei jibu la "bosi bado".

Kila malipo yaende na karatasi ya mshahara inayoonyesha jumla, makato na kilichobaki. Sheria inaitaka, nayo inakuokoa na mabishano. Kama unalipa kwa mobile money, amua na utangaze ni nani anabeba ada ya kutoa. Ni jambo dogo kwenye hesabu zako, lakini kijana wa kupakia anayekuta pesa zimepungua kila mwezi anahesabu kwamba wewe ndiye uliyezipunguza.

Halafu NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 na wewe unaongeza 10. Kwa mshahara wa shilingi 400,000, unakata 20,000, unaweka 40,000 yako, unapeleka 60,000 kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Zamani waliokuwa na watu wasiozidi wanne walikuwa nje ya mpango huo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliingiza kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kukata ile 20,000 bila kuipeleka ni wizi, hata kama nia yako ilikuwa kuirudisha mwezi ujao. Siku hizi mwanachama anaangalia akiba yake kwenye simu akiwa kwenye foleni ya chakula, na akikuta pengo, wenzake wote watajua kabla ya jioni.

Kuhusu kiwango chenyewe, usitegemee sheria ikusaidie. Kima cha chini kinachojulikana Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984 na hakijabadilishwa tangu hapo. Bunge lilipitisha muswada wa kima kipya mwaka 2019, rais hakuutia saini. Kwa hiyo ni wewe na dhamiri yako. Njia ninayoipenda ni ya wazi: kaa na wafanyakazi wawili watatu, mwandike pamoja kodi ya chumba, nauli, chakula na ada za watoto mjini kwenu, kisha ulinganishe na unacholipa. Huenda usiweze kufika kote huko, lakini utajua umbali uliopo, nao watajua kwamba unaujua. Kisha weka madaraja ambayo kila mtu anayafahamu. Mishahara ya siri huzaa uvumi, na siku zote uvumi unasema jirani yangu analipwa zaidi.

Sasa advansi, yaani mshahara unaoombwa kabla ya tarehe yake. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteza heshima bila kujua. Mwaka wa shule una mihula mitatu, na kila muhula ukifungua unaona foleni mlangoni kwako. Bosi mwenye moyo anampa wa kwanza, anampa wa pili, wa tatu anakuta mfuko mtupu na kuanza kuuliza kwa nini yeye. Andika kanuni: advansi haizidi theluthi moja ya mshahara, inaombwa kabla ya tarehe 15, inarudishwa ndani ya miezi mitatu, na hapati nyingine aliyebakiza deni. Tenga mfuko mdogo wa dharura za ugonjwa na msiba, nao usichanganywe na ule wa ada. Idhini itolewe na watu wawili, mmoja wao asiwe wa ukoo wako. Ukiwa na kanuni, hata "hapana" inapokelewa, kwa sababu haimhusu mtu binafsi.

Hatua ya 2: Barua ya kazi ambayo mtu anaielewa

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mwajiri wiki 12 kumkabidhi mfanyakazi masharti yake kwa maandishi. Mimi nasema mpe siku ya kwanza. Ukurasa mmoja unatosha: kazi yake, mshahara na tarehe yake, saa, likizo, muda wa majaribio, taarifa ya kuacha kazi, na nani anamsimamia. Majaribio hayazidi miezi 6. Unaweza kuongeza mingine 6 ikiwa yeye amekubali.

Uisome naye kwa lugha anayoiota. Pale Busia unaweza kuwa na Msamia, Mteso, Mganda na kijana aliyekulia Mombasa ndani ya stoo moja, na barua ya Kiingereza wote wakaitia saini kwa heshima tu.

Na vibarua? Kanuni za Ajira za mwaka 2011 haziruhusu mtu kuwa kibarua wa kutwa zaidi ya miezi minne mfululizo. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki za wafanyakazi wengine. Kila mji una "kibarua" aliyefungua na kufunga stoo ileile miaka mitano. Kama ni wako, anza naye.

Hatua ya 3: Saa, chakula, njia ya kurudi

Wiki ya kazi ni saa 48. Mnaweza kukubaliana kuzidisha, lakini si zaidi ya saa 10 kwa siku au 56 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, mara mbili zikiwa za sikukuu. Mpakani malori hayaangalii saa. Likifika saa nne usiku, kuna mtu atalipokea. Kinachotakiwa ni orodha ya zamu inayotoka wiki moja kabla, ili mtu ajue usiku upi ni wake na apange maisha yake. Kumpigia kijana simu saa tatu usiku kila siku kwa sababu anakaa karibu na geti ni kumwadhibu kwa kupanga chumba karibu.

Saa 24 za mapumziko kila wiki ni haki, na siku inaweza kuwa ya makubaliano. Waislamu wahitaji nafasi ya swala ya Ijumaa, Wasabato wana Jumamosi yao, wengi wana Jumapili. Ukiwa na mchanganyiko huo, zamu zinapangika kwa urahisi kuliko ukiwa na watu wa dini moja. Waulize tu mapema badala ya kukisia kwa majina yao.

Chakula cha mchana kinastahili aya yake. Mtu asiyepewa chakula atanunua kikomando, chapati iliyokatwakatwa na maharage, au atakunywa maji na kusema ameshiba. Gunia la unga, gunia la maharage, mafuta, chumvi na mama mmoja wa kupika kwa malipo halali: kwa watu kumi na watano gharama hiyo inarudi yenyewe kwenye kazi ya mchana. Kula nao mara kadhaa kwa wiki, kutoka sufuria hiyohiyo. Usigeuze mlo kuwa kikao, kula tu.

Anayetoka baada ya saa tatu usiku, lipia boda wa kumfikisha nyumbani, mwendeshaji mnayemfahamu. Wanawake kwa wanaume.

Hatua ya 4: Likizo, uzazi, ugonjwa, msiba

Sheria inatoa siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka. Mama mzazi ana siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki nne kati yake ziwe baada ya kujifungua. Akirudi, anarudi kwenye kazi yake au inayolingana nayo. Baba ana siku 4 za kazi mara mke anapojifungua. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari analipwa mshahara kamili mwezi wa kwanza.

Kuziandika ni rahisi. Kazi iko kwenye kuzitumia bila manung'uniko. Wiki ya kwanza ya Januari tandika kalenda mezani, kila mtu achague siku zake, nawe utangulie kujaza zako, maana bosi asiyekwenda likizo huwafanya wengine waone haya kuiomba. Kwa uzazi, anza kumfundisha wa kushika nafasi mama akiwa bado yupo kazini. Akirudi ananyonyesha, mtafutie chumba chenye mlango unaofungwa, na saa zinazobadilika kidogo. Choo si mahali pa kukamulia maziwa ya mtoto.

Msiba ndio mgumu, kwa sababu hapa hakuna anayezikwa mjini kama ana kijiji. Aliyefiwa Kampala akizika Arua au Kisoro anatumia siku nzima kwenda na nyingine kurudi, kabla hata hajakaa na wafiwa. Siku mbili za ruhusa hazimtoshi. Weka siku tano zenye malipo kwa mzazi, mke au mume, na mtoto. Tatu kwa ndugu wa tumbo moja. Kwa wengine, siku anazokopa kwenye likizo yake. Rambirambi ya kampuni iwe na kiasi kilichoandikwa, sawa kwa mlinzi na kwa mhasibu. Mchango wa wafanyakazi wenyewe waachie wenyewe. Vikundi vya munno mukabi, vya kusaidiana wakati wa shida, vimekuwepo muda mrefu, havihitaji bosi kuwa mwenyekiti. Lakini nenda mazishini, au mtume mtu mwenye cheo. Watu wanakumbuka nani alikuja.

Hatua ya 5: Fungua njia ya watu kusema

Ukiitisha kikao na kuuliza "Kuna tatizo lolote?", utajibiwa "Hakuna neno, bosi." Na utaamini. Baada ya kikao, nyuma ya lori, mazungumzo yenyewe yataanza.

Fikiria unachokiomba. Dada mtunza stoo ambaye amelelewa kupiga magoti anapomsalimu mkubwa, kama ilivyo Buganda na Busoga, unamtaka asimame mbele ya wanaume kumi akuambie kwamba hesabu uliyoandika jana ina makosa. Kijana wa kupakia anakuita mzee na kukupokea mkoba. Unamtaka akuambie kwamba mpwa wako anawatukana watu. Adabu waliyofunzwa nyumbani ni nzuri, wala sikushauri uiondoe. Jenga njia inayoipitia.

Kwanza, badilisha swali. Badala ya kuuliza kama kuna tatizo, uliza "Jana nini kilikuchelewesha?" Hilo halimtaki amlaumu mtu. Atasema toroli moja ina tairi bovu, au ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu aliyekuwa Jinja. Rekebisha kimoja ndani ya wiki hiyo, kionekane kimerekebishwa, na kikao kinachofuata utasikia vitatu.

Pili, anza na wa chini. Kwenye kikao cha dakika kumi na tano cha Jumatatu, mlinzi, mfagizi na kibarua waseme kabla ya msimamizi, na wewe uwe wa mwisho. Mkubwa akishasema, waliobaki hukubaliana naye.

Tatu, waachie wachague msemaji wao wenyewe, mtu wa rika na heshima, aje kwako na hoja za watu bila kutaja majina. Wewe usipendekeze jina lolote. Wakichagua mtu usiyempenda, huenda ndio wamechagua vizuri. Na wakitaka kujiunga na chama cha wafanyakazi, hiyo ni haki yao kisheria. Ukianza kutafuta nani aliyeanzisha mazungumzo hayo, umeufunga mlango huu wote.

Nne, jibu. Kila hoja ipate jibu kwa siku iliyotajwa, hata kama jibu ni "mwaka huu hatutaweza, kwa sababu hii". Andika hoja na majibu kwenye daftari linalokaa wazi karibu na mlango. Nimeona sanduku la maoni lenye kufuli kubwa na vumbi juu, mwenye ufunguo amehama, na bado likihesabiwa kama sera ya kusikiliza.

Lugha ya kikao iwe ile inayowafikia wengi. Mara nyingi mpakani ni Kiswahili, ndani zaidi huenda ikawa Luganda. Kama mmoja hafuati, mtafsirieni bila kumcheka.

Hatua ya 6: Kosa likitokea

Gunia mbili hazionekani. Unajua, au unadhani unajua, ni nani. Kabla hujasema lolote mbele ya watu, fuata mpangilio huu, uleule kwa kila mtu, ndugu yako akiwemo.

Mwandikie tuhuma kwa maneno mepesi: kitu gani, siku gani, nani aliona. Mpe muda wa kujiandaa, siku mbili au tatu. Mwambie anaweza kuja na mtu anayemtaka. Sheria inampa haki hiyo. Msikilize mpaka mwisho. Asiyehusika aandike kinachosemwa. Uamuzi usiutoe siku hiyo, lala kwanza. Kisha mpe uamuzi na sababu kwa maandishi, na umwambie anaweza kukata rufaa kwa nani.

Ukihitaji kumweka pembeni wakati unachunguza, unaweza kumsimamisha kwa nusu mshahara, muda usiozidi wiki nne. Ukimfukuza bila kumsikiliza, hata kama kosa ni la kweli, unadaiwa mshahara wake halisi wa wiki nne kwa kutomsikiliza tu, mbali na anayoweza kudai kwa afisa wa kazi wa wilaya na baadaye Mahakama ya Viwanda.

Mtindo wa kugawanya hasara kwa wote waliokuwa zamu, kila mmoja akatwe, uache. Unamfundisha mwaminifu kwamba uaminifu wake hauna bei. Na kufokea mtu mbele ya wateja? Usifanye. Ukishindwa kujizuia, omba radhi mbele ya wateja haohao.

Hatua ya 7: Unyanyasaji wa kijinsia

Mwajiri mwenye watu zaidi ya 25 analazimika kuwa na hatua za kuuzuia, na kuna kanuni maalumu za mwaka 2012. Wewe mwenye watu sita, usisubiri kufika 26. Taja kwa maneno yasiyo na aibu kile kisichokubalika: kugusa, maneno ya mwili, ujumbe wa usiku, ahadi ya zamu nzuri au ajira kwa malipo ya mwili. Teua watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja mwanamke, mmoja asiye wa familia yako. Tangaza pia kwamba anaweza kwenda moja kwa moja kwa afisa wa kazi bila kupitia kwako.

Mtihani wenyewe utakuja siku mlalamikiwa ni kaka yako au dereva anayekuingizia fedha kuliko wote. Usimhamishe mlalamikaji. Kama lazima mmoja aondolewe zamu wakati wa uchunguzi, aondolewe mlalamikiwa, kwa utaratibu uleule wa Hatua ya 6. Na shangazi wa ukoo wakija jioni kuomba mambo yamalizwe kimyakimya, wapokee kwa chai, uwaambie kwamba kuna utaratibu.

Hatua ya 8: Vifaa na usalama

Buti, glavu, barakoa za vumbi la nafaka, mkanda wa mgongo, taa stoo, maji safi, choo kinachofungwa. Vifaa vya kujikinga ni gharama yako, havikatwi kwenye mshahara. Mtu akiumia kazini, fidia yake iko kwenye sheria ya mwaka 2000, hivyo ulizia bima mapema. Weka gunia la uzito ambao nawe ungeweza kulibeba.

Hatua ya 9: Anapoondoka

Mtu akiaga, usimgeuze adui. Taarifa ya kuondoka ni mwezi mmoja kwa aliyekaa mwaka hadi mitano, miwili kwa aliyekaa mitano hadi kumi, mitatu baada ya hapo, na inawabana wote wawili. Haki zake zilipwe ndani ya siku saba tangu kazi ikome, pamoja na likizo ambazo hakuzichukua. Akiomba cheti cha utumishi, mpe.

Kaa naye nusu saa, ukiwa umeweka simu mbali. Muulize ni lini hasa alianza kufikiria kuondoka. Mara nyingi atataja siku fulani: advansi iliyokataliwa bila sababu, msiba ambao hakuna aliyehudhuria, msimamizi aliyemwita jina baya. Andika siku hiyo, rudi kwenye hatua inayohusika uone ni kanuni gani haikuwepo au haikufuatwa. Wakiondoka watatu wakimtaja msimamizi mmoja, usitafute wafanyakazi wengine kabla hujazungumza na msimamizi huyo.

Waliobaki watakuwa wanaangalia jinsi unavyomuaga, na wiki inayofuata mmoja wao huenda akakuuliza kama nafasi ile imepata mtu, kwa kuwa ana mdogo wake nyumbani anayetafuta kazi. Mfanye apitie usaili kama wengine.